Kupaka Mwili Rangi ya Mahali: Mwongozo wa Kupiga Picha za Mwili na Maumbile ya Asili Dar es Salaam

Picha nyingi za mwili uliopakwa rangi huharibika kabla brashi haijalowa. Mtu hununua rangi kwanza, akatafuta mwanamitindo, akachora majani na vipepeo mgongoni, halafu ndipo akauliza: tukapigie wapi? Kinachopatikana ni mtu aliyepambwa akasimamishwa mbele ya miti, na miti yenyewe imekuwa pazia. Kama nia yako ni kuonyesha jinsi binadamu na maumbile yanayomzunguka wanavyobebana au kuumizana, geuza mpangilio: mahali kwanza, maji na jua pili, mwili tatu, rangi mwisho. Mwongozo huu umefuata mpangilio huo, na hesabu zake ni za Dar es Salaam, pamoja na joto lake na jasho lake.

Sema picha kwa sentensi moja

Kabla ya kutoka nyumbani, andika sentensi moja inayosema kinachotendeka kati ya mwili na mahali. Lazima iwe na kitenzi. "Mwanamke na bahari" haitoshi, haikuambii upake nini. "Mizizi inamshika asichukuliwe na maji" inatosha: imeshakuambia kwamba mahali ni mikokoni, kinachopakwa ni miguu, na maji yawe yanatembea. "Mkono unaobeba mkaa unageuka mkaa" inatosha vilevile, na ni sentensi ya mji huu, maana jikoni kwetu msitu huingia ukiwa ndani ya gunia. Mchanga unaochimbwa mitoni, mfereji uliozibwa na chupa za plastiki, mbuyu uliobaki peke yake katikati ya viwanja vilivyojengwa: humo mna picha nyingi kuliko kwenye vipepeo.

Ukikwama, chagua kiungo kimoja. Mkono mmoja, kuanzia ncha za vidole hadi juu ya kiwiko, huchukua kama dakika 40 kuupaka vizuri. Mwili mzima wenye michoro hula saa tatu hadi tano. Anayeanza aanzie mkononi, na asione kwamba amepunjika.

Mahali

Mikoko ya Mbweni, Kunduchi na Mtoni Kijichi ina kila kitu unachohitaji, ila jifunze kwanza kutofautisha miti yake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na hiyo ndiyo inayoungana vizuri na miguu na mikono ya mtu. Mchu hutoa vizizi vilivyosimama wima topeni kama penseli. Vinapendeza sana kwenye picha, lakini ndivyo pua za mti: vikikanyagwa na kuvunjika mti unakosa hewa. Mtu akae pembeni yake, asikae juu yake. Mlilana huota mbele kabisa upande wa bahari, na shina lake nene hubeba mgongo wa mtu bila shida.

Mwamba wa matumbawe uliotafunwa na mawimbi, kama wa visiwa vya Mbudya na Bongoyo, una matundu na kingo kali zinazofuatishika kwa udongo mzito. Mbuyu una gome laini la kijivu lenye wekundu wa mbali, na mikunjo yake hufanana na ngozi ya kiwiko. Kwa mtu wa mara ya kwanza mbuyu ndio mwalimu bora, kwa sababu makosa madogo ya rangi hayaonekani kwenye gome lake. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, una kivuli, kwa hiyo hukupa saa nyingi zaidi za kazi kuliko pwani.

Misitu ya hifadhi na mikoko husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, zina mamlaka yake na kiingilio chake. Nenda ofisini siku kadhaa mapema, eleza kwamba kuna mtu atakayepakwa rangi, atavaa nini na mtakuwa wangapi. Ruhusa ya kupiga picha za harusi haimaanishi umeruhusiwa kwa kazi hii. Pwani za mitaani, zungumza na serikali ya mtaa na pia na wavuvi wanaoegesha vyombo vyao hapo. Usielekeze kamera bandarini wala kwenye kambi za jeshi.

Sehemu moja tunaikataza kabisa: kumwingiza mtu kwenye maji ya Mto Msimbazi na mifereji inayomwaga humo. Ni machafu mno kwa ngozi, sembuse ngozi iliyotoka kusuguliwa. Sentensi yako ikidai Msimbazi, tengeneza udongo safi unaofanana na tope lake, na mwanamitindo asimame ukingoni, pakavu.

Fika mahali mara moja bila mwanamitindo, saa ileile utakayopiga. Rudi na picha ya gome au mwamba iliyopigwa kwa kamera utakayotumia, pakiwa na kipande cha karatasi ya kijivu ndani ya fremu. Jani au gome lililokwisha kuanguka lenyewe. Na alama ya pale kamera itakaposimama. Tazama pia kinachowasha. Vinyoya vya upupu vikiingia kwenye rangi mbichi utalazimika kuosha kila kitu na kuanza upya. Mnyaa una maziwa yanayodhuru macho vibaya. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na utomvu wa mwembe huwawasha watu wengi. Siafu huwaoni mpaka mwanamitindo ameshatulia kwenye pozi.

Maji na jua

Bamvua huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku saba hivi baadaye ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Pwani ya Dar, siku za bamvua maji kwa kawaida hujaa kama saa 10 alfajiri na hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Jua nalo huchomoza kati ya saa 11:50 na saa 12:40 kutegemea mwezi. Ukiziweka pamoja unapata kwamba asubuhi ya bamvua, jua linapotoka, maji yameshashuka kwa saa mbili na ushei na bado yanashuka. Hiyo ndiyo saa ya mikoko: mizizi inaanza kujitokeza, bado inang'aa kwa unyevu, na maji yanakukimbia badala ya kukufuata. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Thibitisha kwa jedwali la maji la tarehe yenyewe, kisha muulize mvuvi wa hapo, kwa sababu vijito vya mikokoni havipwi vyote kwa pamoja.

Usiingie mikokoni maji yakiwa yanajaa. Tope hushika mguu mpaka gotini, mtu aliyepakwa rangi hawezi kushikwa mkono bila kuharibika, na kijito ulichokivuka kikavu kinaweza kuwa kimeshajaa nyuma yako. Jioni ya bamvua pia haitufai sana: maji hujaa saa 10 alasiri, kwa hiyo katika mwanga laini wa kabla ya jua kuzama mizizi mingi bado imefunikwa, na mbu wameshatoka.

Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kwa hiyo mwanga laini haukai. Hesabu dakika 50 tangu kuchomoza. Ikifika saa 2 kivuli kimeshakuwa kikali. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na macho ya mtu hugeuka mashimo mawili meusi. Kama ni lazima upige mchana, watu wawili washike shuka jeupe jembamba la mita 2 kwa 2 juu ya mwanamitindo. Miezi mizuri kuliko yote ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi: joto limepungua na rangi hudumu. Februari na Machi jasho huanza kububujika kabla hujamaliza bega la pili.

Mwanamitindo

Awe ametimiza miaka 18. Andikeni karatasi kwa Kiswahili kinachoeleweka: sehemu zipi za mwili zitapakwa, nani atampaka, picha zitatumika wapi na kwa muda gani, malipo ni kiasi gani, na kwamba anaweza kusitisha kazi dakika yoyote bila kudaiwa. Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi, na tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwanamke apakwe na mwanamke, au aje na mtu wake anayemwamini akae chumbani muda wote. Jambo hili halina mjadala.

Utupu hauhitajiki. Hapa nyumbani Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinagusa maadili, familia ya mwanamitindo nayo itaiona picha, na zaidi ya hayo kitambaa hutatua tatizo la jasho. Tafuta bodi au singlendi na kaptura ya kubana inayokaribiana na rangi ya ngozi yake, kisha ipake rangi ya akriliki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu siku moja kabla, ikauke imetandazwa juu ya boksi lenye upana wa mwili ili isinyauke. Siku ya kazi unaunganisha tu mpaka kati ya nguo na ngozi. Msanii Liu Bolin wa China, aliyeanza mfululizo wa picha za kujificha ndani ya mandhari mjini Beijing mwaka 2005, huvaa nguo zake kamili na rangi nyingi hupakwa juu ya nguo hizo. Picha hazijapungukiwa chochote.

Saa 24 hadi 48 kabla, paka kila rangi utakayotumia, duara la ukubwa wa shilingi 200, upande wa ndani wa kiwiko. Ikiwasha, ikivimba au ikiacha wekundu, rangi hiyo imeondoka kwenye orodha. Kidonda kibichi, chunusi zilizopasuka, ngozi iliyonyolewa siku hiyo: usipake juu yake. Kunyoa kufanyike siku mbili kabla.

Rangi

Tuanze na zisizofaa. Akriliki ngozini hukakamaa, hupasuka kwenye viungo na huvuta vinyweleo wakati wa kuitoa, na ina vihifadhi ambavyo havikukusudiwa ngozi. Rangi za ukutani hata usizifikirie. Piko, ile nyeusi inayouzwa pamoja na hina, ni rangi ya nywele yenye kemikali kali iitwayo PPD: inaweza kuunguza, kuacha kovu, na kumfanya mtu apate mzio wa rangi za nywele maisha yake yote. Hina safi ni ya rangi ya matofali, si nyeusi, na haikolei kwa dakika 20. Yeyote anayekuahidi hayo mawili anakuuzia piko.

Zinazofaa ni za aina mbili, na udongo ni wa tatu. Rangi ya maji ya ngozi, inayouzwa katika vipande vya kulowesha, ni rahisi kutumia na hutoka kwa sabuni. Kipande cha gramu 40 kinatosha kupaka msingi wa mikono yote na kiwiliwili na bado kikabaki. Adui yake ni jasho. Rangi ya spiriti huhimili jasho na kugusana, lakini hukausha ngozi, huhitaji dirisha wazi, haitakiwi karibu na macho wala moto, na hutoka kwa mafuta na uvumilivu. Kwa Dar tunashauri kuchanganya: spiriti kwenye makwapa, mgongo wa chini, nyuma ya magoti na shingoni ambako jasho huanzia, maji kwingine kote.

Udongo mweupe, kaolini, ni mali ya vilima vya Pugu, lakini wa kupaka mtu ununue uliosafishwa kwa ajili ya ngozi. Udongo uliouchimba mwenyewe unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na tope jeusi la mikoko hubeba kila kinachotoka mjini. Chukua vijiko vinne vya chakula vya kaolini, vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kijiko kimoja cha chai cha glisarini. Koroga mpaka iwe kama uji wa lishe. Glisarini ndiyo inayozuia kupasuka. Ukitaka nyufa za ardhi iliyokauka, iache glisarini, paka unene wa milimita 2 hadi 3, mtu atulie dakika 25, kisha akunje kiungo mara moja tu: nyufa zitafuata mikunjo yake mwenyewe, na hakuna brashi inayoweza kuchora hivyo. Udongo mzito usifunike zaidi ya theluthi ya mwili. Jasho haliwezi kukauka chini yake, na kwa joto letu mtu anaweza kuzidiwa akiwa amesimama tu.

Kwa nyeusi ya mkaa, saga mkaa, chuja kwa kitambaa cha leso, ongeza kijiko kimoja cha chai kwenye mchanganyiko wa udongo. Ukiuchanganya na mafuta ya nazi hautakauka kamwe na utapaka kila kitu, kamera ikiwemo. Manjano hutoa njano nzuri na mzingifuri hutoa nyekundu ya udongo. Zote hubaki ngozini siku kadhaa, kwa hiyo mwambie mwenye ngozi kwanza. Vimetameta vya plastiki viache dukani. Vikidondoka mikokoni hakuna atakayeviokota.

Kuhusu alama: usichukue michoro ya unyago, jando au nembo za chale za kabila lolote kuwa mapambo. Zina wenyewe na zina maana zisizotangazwa.

Ngozi yenyewe ni rangi ya kwanza

Hapa ndipo maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe yanapotupotosha. Yanasema anza na msingi unaofunika mwili mzima. Kwenye ngozi ya kahawia au nyeusi hiyo ni hasara tupu: ngozi hiyo tayari ni rangi ya shina la mkoko, ya udongo mbichi, ya kivuli cha msitu. Iache. Paka zile sehemu tu ambazo mahali panatofautiana na ngozi: ukungu wa kijani juu ya gome, chumvi iliyokauka, ufa, mstari wa maji. Mara nyingi asilimia 40 ya rangi uliyopanga inatosha.

Njano, machungwa na kijani hafifu huzama kwenye ngozi nyeusi zikipakwa moja kwa moja. Weka kwanza tabaka jembamba sana la nyeupe pale tu zitakapokaa, subiri likauke dakika 3, kisha rangi juu yake. Usizichanganye na nyeupe kwenye sahani, zitageuka chaki na kwenye picha zitaonekana za kijivu. Bluu iliyokolea na zambarau hukaa vizuri bila msingi.

Kulinganisha rangi na mahali, paka mraba wa sentimita 5 mkononi, usubiri ukauke kabisa kwa sababu rangi ya maji hubadilika ikikauka, upeleke kando ya gome kwenye kivuli cha nje. Taa ya ndani hudanganya. Halafu piga picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe. Mraba ukipotea ndani ya gome, weusi na weupe wake umelingana, na hicho ndicho jicho linachokitazama kwanza. Rangi ikikosea kidogo hakuna atakayejua; mng'ao ukikosea, mkono utaonekana umebandikwa.

Usiku wa kazi

Panga kwa kurudi nyuma. Kupiga saa 12:15 asubuhi, kufika saa 11:50, kuondoka saa 11:20, kumaliza kupaka saa 11 kamili, kuanza saa 8:30 usiku. Mwanamitindo alale mapema na ale kabla ya kuanza. Ni bora kupaka kwenye nyumba iliyo karibu na mahali kuliko kumsafirisha mtu kutoka Tabata hadi Mbweni akiwa amekaa kwenye ukingo wa kiti.

Ngozi ioshwe kwa sabuni isiyo na mafuta, ikaushwe, isipakwe losheni wala mafuta. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote: mtu aliyejipaka mafuta ya nazi asubuhi, rangi haimshiki hata upake mara tatu. Dawa ya mbu ipakwe tu pasipo na rangi, kwa kuwa huyeyusha rangi.

Chora mistari mikuu kwanza mtu akiwa kwenye pozi lenyewe, hata kama ni la kuinama. Mstari uliochorwa amesimama huvunjika akichuchumaa, ngozi ya mgongo hutanuka sana. Baada ya hapo anaweza kukaa. Sponji kwa maeneo mapana, ikiwa na unyevu tu: ikiminywa isidondoshe tone. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene. Anza mgongoni na mabegani, maliza kwa viganja, nyayo na uso, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoguswa. Kila dakika 40 pumzika, maji ya kunywa kwa mrija. Mwisho pauda nyepesi isiyo na rangi kwa brashi kubwa, kisha dawa ya kukazia ya kupuliza kutoka sentimita 30, tabaka mbili, macho yakiwa yamefumbwa.

Tumia feni, si kiyoyozi. Mwili uliopozwa ukitoka nje kwenye hewa yenye unyevu huanza kutoa jasho ghafla, na lenzi iliyopoa huingia ukungu. Kamera nayo ilale kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, au ikae nje ndani ya mfuko wake dakika 30 kabla ya kuifungua.

Safarini avae shati pana la hariri bandia lililofunguliwa vifungo au kanga laini iliyofungwa kwa ulegevu, akae mbele bila mkanda kugusa rangi: weka taulo laini chini ya mkanda, usiuache mkanda. Kofia ya kuoga ichukuliwe kwa ajili ya nywele.

Kupiga

Kama mwili unatakiwa uungane na mahali, mistari italingana kutoka sehemu moja tu duniani, nayo ni lenzi yako. Weka kamera kwenye stendi kwanza, iache hapo, na mwongoze mwanamitindo asogee yeye. Ukisogea hatua moja kushoto, ufa uliochora begani hautakutana tena na ufa wa gome. Mchoraji asimame nyuma ya kamera akitazama kioo chake, amwambie msaidizi mahali pa kurekebisha.

Lenzi ya milimita 35 hadi 50 huweka mtu na mahali katika uzito mmoja. Ya 85 na kuendelea hufuta mandhari, na mandhari ndiyo nusu ya sentensi yako. Kwa sababu hiyohiyo tumia tundu dogo la lenzi, f/8 au f/11, gome na ngozi viwe vikali sawasawa. Shata 1/125 inatosha kwa mtu aliyetulia. Maji yakitakiwa kuwa moshi, shusha hadi nusu sekunde, na mwanamitindo ashike pumzi. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 200 hadi 800 kulingana na kivuli. Piga faili la RAW, lile ambalo kamera haijalibana wala kulirekebisha.

Kamera ikiona ngozi nyeusi mbele ya tope jeusi hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na udongo mweupe ukaungua ukapoteza nyufa zote. Punguza theluthi mbili ya stopu (hatua moja ya mwanga kwenye kamera), kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera: upande wa kulia usigonge ukuta. Vivuli unaweza kuvirudisha baadaye, weupe ulioungua haurudi. Mizani ya weupe iweke kwa mkono, kelvini 5200 kwenye jua la asubuhi. Chini ya miti ya Pugu majani hutupa ukijani juu ya ngozi. Piga fremu moja yenye karatasi ya kijivu kila mwanga unapobadilika. Filta ya polaraiza hupunguza mng'ao wa majani na wa jasho, lakini hula karibu stopu mbili. Kwa simu, gusa na ushikilie kufunga fokasi na mwanga, kisha buruta mwanga chini kidogo.

Mwanga wa kujaza usoni upate kwa boksi lililobandikwa karatasi nyeupe, upande ulipo kivuli, mita moja hivi. Karatasi ya fedha hapana: hung'arisha jasho na kuonyesha kila tone.

Kuhusu pozi, anza na uzito. Mtu aegemee kweli, akae kweli, misuli ionyeshe kwamba mti umembeba. Pozi la jukwaani, kidevu juu na mkono kiunoni, huua kazi yote ya saa tatu. Macho yaliyofumbwa humfanya awe sehemu ya mahali. Yakifumbuliwa na kutazama lenzi, picha nzima inakuwa ni swali kwa mtazamaji. Piga zote mbili.

Rangi ikianza kutiririka, usifute. Gusia kwa karatasi ya tishu bila kusugua, ongeza pauda, rudishia kwa brashi ndogo. Mwanamitindo akisema kizunguzungu, akiacha kutoa jasho au akianza kutetemeka, kazi imekwisha: kivulini, maji, udongo uondolewe papo hapo, na asipopata nafuu haraka, hospitali.

Kusafisha na kuhariri

Beba dumu mbili za lita 20 na beseni. Usioshe baharini wala kijitoni. Sugua mafuta ya nazi kwanza, subiri dakika 5, futa kwa taulo kuukuu, ndipo sabuni na maji ya uvuguvugu. Udongo uloweshwe mpaka ulainike. Dodoki kavu juu ya udongo mkavu hukwangua ngozi. Maji machafu yarudi na dumu na yamwagwe chooni. Mpe mwanamitindo losheni isiyo na manukato na muulize hali ya ngozi yake kesho yake.

Kwenye kompyuta, kazi kubwa ni kuacha. Kijani cha simu na programu nyingi hukolea mno, kipunguze kidogo kwenye manjano yake. Usiilainishe ngozi: vinyweleo na vitundu vyake ndivyo vinavyozungumza na gome. Usifute alama ya mshipi wala kovu bila kumuuliza mwenyewe. Ukichapisha ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 3508 kwa 4961, yaani kama megapikseli 17, kwa hiyo usikate fremu hovyo. Agiza karatasi isiyong'aa, kwa sababu karatasi ya kung'aa huufanya udongo uonekane plastiki, na nakala ya kwanza mpe aliyepakwa.